Nina daftari la michango ya misiba ya kijiji chetu. Habari za marehemu wenyewe niziandikeje?

MshonajiWaCharambe:

Asalaam alaykum, na habari za leo kwa wote. Naomba mnivumilie, habari yangu ni ndefu.

Mimi ni fundi cherehani, nipo hapa Mbagala Charambe, na kwetu ni Rufiji, kijiji kimoja cha ng'ambo ya mto. Watu wa kijiji chetu tulioko Dar tuna umoja wetu wa kuzikana, na mimi ndiye mweka hazina tangu 2009. Akifa mtu kule, simu inanijia mimi kwanza. Nachangisha, natuma, naandika. Kila msiba una ukurasa wake: jina la marehemu, nani katoa ngapi, sanda, ubani na marashi, mchele, mafuta ya kupikia, nauli ya Coaster ya waliokwenda. Mpaka leo kurasa zimefika 74.

Mwezi uliopita alifariki bibi mmoja aliyekuwa mkunga wetu. Yeye ndiye alinipokea mimi, akawapokea na ndugu zangu wote sita. Usiku ule nikafungua daftari kama kawaida, nikaandika jina, nikaandika sanda, nikapiga jumla. Halafu mkono ukakataa kufunga daftari. Nikaanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Najua sanda ya kila mmoja ilinunuliwa kwa shilingi ngapi, na najua nani hakulipa ahadi yake. Jinsi walivyoishi hakuna hata mstari mmoja. Yule bibi alitembea na wembe mpya na uzi ndani ya kikopo cha maziwa kwa miaka yote, alikuwa akifika kwa mzazi anaanza kwanza kufagia chumba, na mimi nimemwekea mita za sanda na jumla ya chini.

Kesho yake nilinunua kaunta buku nene. Nataka kila mtu wa daftari la kwanza awe na ukurasa wake wa pili, wa maisha. Baadaye, Mungu akijalia, na wale waliokufa kabla ya 2009.

Msinishangae kwamba ni mwanamke ninayefanya hivi. Makaburi ya kwetu mimi sijawahi kuyafika, kwa sababu wanawake hatuendi kuzika. Wanaume wakishaondoka na jeneza, sisi tunabaki uani tunachambua mchele, na hapo uani ndipo marehemu anapozungumzwa hasa. Nani alikuwa na mkono mwepesi wa kusuka mkeka, nani alipika wali wa nazi usioshikana, nani alilia siku ya harusi yake na kwa nini. Habari hizo nimezisikia tangu mdogo nikiwa nimekaa karibu na sinia. Sasa wenye habari wanaisha. Amebaki shangazi yangu, kapita themanini. Kila Jumapili anapelekwa chini ya mkorosho mmoja ambapo simu inashika, ananisimulia mpaka chaji inakwisha.

Nimekwama sehemu tatu.

Kwanza miaka. Shangazi hana tarehe. Anasema "alikufa mwaka wa Elnino", au "Mwalimu alikuwa hajazikwa bado", au "tulikuwa bado tunavuka kwa pantoni". Nikimbana anakasirika.

Pili, bondeni. Mafuriko makubwa ya 1968 yalipopita, serikali iliwatoa watu bondeni ikawapandisha juu kwenye vijiji vya ujamaa. Watu walihama, makaburi hayakuhama. Pale walipozikwa babu na bibi zetu sasa panalimwa mpunga, na mto wenyewe umeshageuza njia. Niwaandike vipi watu ambao hata mti wa kuonyesha walipolala haupo?

Tatu ndiyo inayoninyima usingizi. Kuna mzee mmoja katika daftari, alifariki 2011. Miaka ya operesheni, baada ya ile amri ya Novemba 1973 kwamba kila mtu aishi kijijini, yeye alikuwa mgambo. Watu walikuwa wakirudi bondeni kulima, kwa sababu udongo unaoachwa na mto haupatikani juu, na walikuwa wanalala hukohuko kwenye madungu yao, vibanda vya juu ya nguzo, kulinda mpunga na nguruwe na ndege. Yeye aliyachoma madungu ili wasirudi. Alichoma hata la dada yake wa tumbo moja, na mpunga ukiwa ndani. Na mzee huyohuyo, kwa miaka zaidi ya thelathini iliyofuata, ndiye aliyechimba makaburi ya kijiji. Hakuwahi kudai hata chai. Ukisikia kilio usiku wa manane, kabla hujavaa kandambili unasikia jembe lake.

Watoto wake wako hapa Dar, wanachama wenzangu. Wamesikia habari ya kaunta buku na wameniambia niandike kuchimba tu, moto niuache. Sitaki kumvunjia mtu heshima, na sitaki kuandika uongo. Mngefanyaje?

---

MwalimuMstaafu_Kurasini:

Dada, wa alaykum salaam. Nimefundisha historia miaka mingi, na hilo la kwanza lisikusumbue hata kidogo. Shangazi yako ana tarehe. Wewe ndiye hujazoea kalenda yake.

Mvua za Elnino ni za mwishoni mwa 1997 kuingia 1998. Mwalimu Nyerere alifariki Oktoba 14, 1999, kwa hiyo mtu aliyekufa Mwalimu akiwa hajazikwa, umempata karibu na siku yake kabisa. Pantoni ya Ndundu ilikuwepo mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003. Vita vya Kagera ni 1978 na 1979. Kama kuna mtoto aliyezaliwa jua lilipopatwa, ile ya juzijuzi ni Septemba 1, 2016. Baba yangu mimi hakuwa na cheti cha kuzaliwa, ila bibi alikuwa akisema alimzaa wakati mizinga ya manowari ya Wajerumani inalia kule deltani. Manowari ile ni Königsberg, ilizamishwa kwenye mto wenu Julai 11, 1915. Wazungu waliandika wamepoteza meli, bibi akaandika kichwani kwamba amepata mtoto wa kiume.

Ila nakuomba kitu kimoja. Usiyafute maneno ya shangazi ukaweka mwaka badala yake. Andika kwa kalamu alivyosema yeye, "tulikuwa bado tunavuka kwa pantoni", halafu mwaka uweke pembeni kwa penseli. Ukiwa umekosea utafuta mwaka, maneno yake yatabaki. Na kila ukurasa andika chini nani kakusimulia na lini. Wanafunzi wangu walikuwa wanaona hilo ni kazi ya bure, mpaka siku wasimulizi wawili wanapogongana.

---

Kihamba_Kimara:

Pole kwa msiba wa mkunga. Mimi ni wa Kilimanjaro, kwetu tunazika kihambani, ndani ya migomba, hatua chache tu kutoka mlangoni. Desemba tukipanda nyumbani unakuta kaburi la babu lina vigae, lina jina, lina tarehe mbili. Kwenye mazishi ulisomwa wasifu, karatasi yake ninayo hapa Kimara: alizaliwa, alibatizwa, alipata kipaimara, alifunga ndoa, aliacha watoto saba na wajukuu ishirini na tatu, alianza kuugua mwaka fulani. Nimehudhuria misiba mingi, na karatasi ni hiyohiyo, majina tu yanabadilika.

Kisichokuwemo kwenye karatasi ni kwamba babu ndiye aliyekuwa na zamu za maji ya mfongo kichwani mwake. Nyumba ipi inafungua mfereji alfajiri, ipi jioni, nani alimwazima nani siku yake na hajairudisha. Alipokufa hakuna aliyekuwa ameandika, na majirani waliokuwa wanasalimiana miaka hamsini walishikana mashati kwenye maji. Baba yangu alilia siku hiyo kuliko siku ya mazishi.

Kwa hiyo mimi naona kila ukurasa uulize kitu kimoja: huyu alikuwa anajua nini ambacho wengine walimtegemea? Mkunga wako, muulize shangazi mambo aliyokuwa akifanya akishafagia chumba.

---

UstadhWaRangiTatu:

Dada yangu, tumefundishwa kuwataja marehemu wetu kwa mema yao, na kusengenya ni dhambi, awe hai au maiti. Hilo watoto wake wamesema kweli.

Lakini kuna upande mwingine usisahaulike. Kabla ya kuzika tunauliza mbele ya watu wote, nani anamdai marehemu. Na dhulma ni deni kama fedha. Kuisamehe si kazi yako wewe, wala ya watoto wake, wala yangu mimi. Ni ya aliyedhulumiwa. Kama huyo dada aliyechomewa yu hai, kamuulize yeye kwanza. Akisema andika, umeandika kwa idhini ya mwenye haki. Akisema acha, acha.

---

MtaniWaMsiba:

Ninyi wote mmesahau watani!

Dada, kwani hapo kwenu watani hawaji misibani? Mimi nimekaa utani mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Tunafika msibani tumevaa kanzu ya marehemu, tunatembea alivyotembea, tunakohoa alivyokohoa. Kama alikuwa mchoyo tunaficha sufuria mbele ya wageni wake. Tunalala mlangoni, jeneza halitoki mpaka tumepewa chetu. Na waliofiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni, hakuna anayesema tumemtukana, kwa sababu sisi ndio tuliopewa ruhusa ya kumsema mtu mzima mzima siku anayoondoka.

Nakumbuka msiba mmoja Temeke, wa mama muuza vitumbua. Mtani mwenzangu alikaa kwenye kigoda chake akaanza kuhesabu chenji kwa sauti yake, polepole, akirudia mara mbili mara tatu, kama alivyokuwa akifanya yeye. Binti wa marehemu alipiga kelele, "Mama!" Tulinyamaza wote. Ilikuwa kama amerudi kuchukua kitu alichosahau.

Kwa hiyo zunguka kwa watani wa kila ukoo uwaulize walimwigiza marehemu vipi. Kile walichokiigiza ndicho alichokuwa. Na kuhusu huyo mzee wa moto, mimi nina uhakika watani walishabeba kijinga cha moto msibani kwake mbele ya watoto wake wote. Waulize.

---

MtuWaNyamisati:

Ndugu yangu wa mtoni, nakuomba haraka sana: piga picha kila ukurasa unaomaliza, weka kwenye simu yako na ya mtu mwingine. Mafuriko ya Aprili 2024 unayajua, Rufiji na Kibiti tuliyaonja wote. Babu yangu alikuwa anaandika majina ya waliozikwa kwa herufi za Kiarabu kwenye daftari lake la madrasa, toka enzi za ukoloni. Tulilikuta limekuwa donge. Tulilianika juani siku nne, tukapata kurasa mbili.

Na kuhusu makaburi ya bondeni: sisi tuliwachukua wazee wawili kwa mtumbwi wakati maji yamepungua, wakawa wanasema "hapa palikuwa na mwembe wa fulani, hapa kisima, hapa alizikwa fulani". Hatukuweka alama yoyote chini, tuliandika tu walivyosema kutoka kituo hadi kituo. Mto ukihama, njia ya wazee imebaki kwenye karatasi.

---

MshonajiWaCharambe:

Nawashukuru sana. Nimesoma majibu yote usiku, nikayasoma tena asubuhi kabla wateja hawajaja. Mwalimu, penseli nimenunua. Ndugu wa Nyamisati, kurasa kumi na moja za kwanza zimeshapigwa picha, mwanangu anazo na mimi ninazo. Habari ya mtumbwi nimempa mjomba, amesema atalifanya maji yakikauka.

Kwa mkunga nilifuata neno la ndugu wa Kimara. Shangazi kanieleza kwamba akishafagia, alimtoa nje kila mtu aliyekuwa na ugomvi na mzazi, hata kama ni mama mkwe, na mlango haufunguliwi mpaka mtoto alie. Na kwamba alikuwa na mafundo kwenye kamba ya ukindu, fundo moja kila mtoto. Kamba hiyo iko kwa binti yake, imezungushwa kwenye mhimili wa dari. Nimewaomba wayahesabu mafundo.

Sasa kuhusu yule mzee. Kuna kitu sikuwaambia mwanzo kwa sababu ya aibu. Yule mzee ni baba yangu mdogo. Na dada yake aliyechomewa dungu ni huyuhuyu shangazi anayenisimulia kila Jumapili. Miezi yote hii ananihadithia watu wa kijiji kizima, mdogo wake hajamgusa, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Ustadh, maneno yako ndiyo yaliyonipa nguvu. Jumapili nilimpigia nikamwambia, shangazi, baba mdogo niandike vipi? Alinyamaza nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Chukua kalamu." Akaanza kusema taratibu, kama mtu aliyekuwa ameyapanga siku nyingi. Aliniamuru nisiongeze neno langu. Watani nao nimewauliza: kweli, msibani kwake alikuja mmoja na kijinga cha moto mkono wa kulia na jembe mkono wa kushoto, akazunguka nyumba mara tatu bila kusema kitu.

Niliuandika ukurasa, halafu nikampigia mtoto wake mkubwa, yule aliyenikataza. Nilimwambia, njoo usome kabla mtu mwingine hajasoma. Alikuja Jumamosi baada ya kufunga duka. Ameniruhusu niuweke hapa, bila jina. Huu ndio:

"Alizaliwa bondeni, mwaka ambao mto ulikuja mapema. Alikuwa kitinda mimba. Alijua kuogelea kabla ya kutembea vizuri, na aliogopa vyura. Alikuwa mgambo wakati wa operesheni. Alichoma dungu langu mchana, lilikuwa la nguzo nne, na magunia matatu ya mpunga yalikuwa ndani. Nilikuwa nimesimama. Hakunitazama. Sikusema naye misimu saba. Mwanangu wa pili alipofariki kwa surua, kaburi lake alilichimba yeye usiku, peke yake, watu walipotaka kumpokea jembe alikataa. Asubuhi nilimpelekea maji ya kunywa. Hatukuzungumza habari ya dungu siku ile wala siku nyingine. Tangu hapo alichimba makaburi ya watu wote. Alipenda uji wa mchele usio na sukari. Mimi dada yake nimemsamehe, na nataka iandikwe alichofanya na kwamba nimemsamehe, vyote viwili. Amesimulia dada yake, chini ya mkorosho."

Binamu yangu alisoma amesimama, pale kwenye meza ya kukatia vitambaa. Akasoma mara ya pili. Niliogopa atalichana. Akaniomba kalamu, nikampa, halafu akanirudishia bila kuandika, akasema, andika wewe, mimi mkono wangu mbaya. Akasema shangazi amesahau, dungu lile halikuwa la nguzo nne. Baba yake alikuwa akilitaja, hasa mwishoni alipokuwa anaumwa, kila mara analihesabu upya nguzo kwa nguzo, na kila mara zilikuwa sita.

Nilimpigia shangazi jana. Amesema ni kweli, zilikuwa sita, mbili alikuja kuziongeza mdogo wake mwenyewe mwaka mmoja kabla.

Nimekata "nne", nimeandika "sita".